Swali la Mwezi wa Neptuni

4 Februari

Binti yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Mimi ni mwalimu wako wa fizikia wa kidato cha pili, yule mliyekuwa mkimwita Rula mkidhani hasikii. Nimestaafu miaka kumi na sita sasa. Anwani ya chuo chako nimepewa na mtangazaji wa redio, ambaye nilimpigia simu mara tatu mpaka akachoka nami.

Juzi asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu, redio ikiwa dirishani. Nikasikia mtaalamu akieleza kwamba mwezi mkubwa wa Neptuni unaizunguka sayari hiyo kwa upande wa kinyume, na kwa hiyo hauwezi kuwa ulizaliwa pale. Nikasimama na povu shavuni hadi kipindi kilipokwisha na jina lako likatajwa. Sauti sikuitambua. Swali nililitambua.

Maana swali hilo niliulizwa mimi, miaka thelathini na moja iliyopita. Nilikuwa nimechora ubaoni jua na sayari zake, nikawaambia kwamba vyote vilitokana na wingu moja la gesi na vumbi lililokuwa likizunguka, ndiyo sababu sayari zote na miezi yake yote inafuata upande mmoja. Dada yako akasimama kule nyuma. Akasema amesoma katika kitabu fulani kwamba mwezi mkubwa wa Neptuni unakwenda kinyume. Sasa huo ulitoka wingu gani? Nikamjibu, "Anayekwenda kinyume ni wewe. Kaa chini." Darasa zima likaangua kicheko. Kufikia mapumziko walikuwa wameshampachika jina, Kinyume. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa hakuja, na Jumatatu hakuja.

Sikulijua jibu, binti yangu. Ndiyo maana nilimkaripia. Jumamosi nilikwenda maktaba nikakuta kitabu chake kimesema kweli. Nikamwandikia barua, na wewe ndiye niliyekukabidhi umpelekee, pale langoni, baada ya kengele ya mwisho. Hakunijibu, wala shuleni hakurudi.

Nina maombi mawili. La kwanza, unieleze taratibu, kama unayemfundisha mtu mgumu wa kuelewa, huo mwezi ulifikaje pale. La pili, uniambie dada yako yuko wapi, na alisema nini alipoisoma barua yangu. Nina miaka sabini na sita. Jibu la kwanza naweza kulisubiri.

Mwalimu wako,
Rula


19 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imenikuta mezani asubuhi, nikaisoma nimesimama na mkoba bado begani. Asante kwa kunikumbuka. Na jina la Rula tulikuwa tunalisema kwa heshima, nakuhakikishia, isipokuwa siku za majaribio.

Naanza na ombi la kwanza. Miezi mikubwa mingi ilizaliwa pamoja na sayari yake. Sayari ilipokuwa changa ilizungukwa na kisahani cha gesi na vumbi, na miezi ikajiunda humo. Kwa hiyo inafuata upande ule ule sayari inakojizungushia, tena karibu na usawa wa ikweta yake. Huu wa Neptuni njia yake ni duara safi kabisa, lakini imeinama vibaya na inakwenda kinyume. Kitu kilichozaliwa pale hakiwezi kwenda hivyo. Tunaamini ulizaliwa mbali zaidi, kwenye ukanda wa magimba ya barafu ng'ambo ya Neptuni, ukilizunguka jua kwa uhuru wake. Wapo wanaodhani ulikuwa na mwenzake, wakizungukana wawili, wakapita karibu mno na Neptuni. Mmoja akanaswa, mwingine akatupwa akaenda zake. Miezi ya awali ya Neptuni huenda iligongana na kuvunjika mgeni huyo alipoingia, na hii midogo tunayoiona karibu leo ikajiunda upya kutokana na vifusi.

Na si Neptuni peke yake. Mshtarii na Zohali zina miezi midogo chungu nzima iliyo mbali, njia zake zimekaa shaghalabaghala, na mingi inakwenda kinyume. Ukiijumlisha yote unaona kwamba mwanzoni nyumba hii ya jua haikuwa na utulivu. Inaelekea sayari kubwa zenyewe zilihama, zikavuruga kila kilichokuwa jirani. Uliyotufundisha hayakuwa uongo, Mwalimu. Wingu lilikuwapo. Ila somo lilikomea kabla ya fujo.

Dada hajambo. Ana kazi yake na shughuli zimemzidi. Mambo ya shule hayazungumzi, nadhani alishayasahau. Kuhusu barua, ni zamani mno, sikumbuki vizuri. Ningekushauri usijisumbue nayo.

Mwanafunzi wako


6 Machi

Binti yangu,

Maelezo yako nimeyasoma mara nne. Mara ya nne nimeyaelewa. Ungekuwa mwanafunzi wangu leo ningekupa tisini, kumi ningezikata kwa kutonichorea mchoro.

Ombi la pili nimejijibu mwenyewe. Uliandika kwamba dada ana kazi yake bila kusema kazi gani, nami nikajua hutaki nimfuate. Lakini jirani yetu pampu yake ya kisima iliungua, akaipeleka kwa fundi mwanamke anayesuka upya mota, akarudi akimsifu. Nikamwuliza fundi anaitwaje. Akasema mlangoni pameandikwa KINYUME MOTA.

Nilikwenda Jumanne. Nilimkuta ameinama juu ya mota kubwa kuliko mtoto, anaingiza waya wa shaba kwa vidole, waya baada ya waya, bila kutazama. Vijana wawili walikuwa wanazipaka vanishi nyaya zilizokwisha kusukwa. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akafuta kiti kwa tambara, akaniamkia, akaniuliza hali ya miguu yangu. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa siku ile. Akasema yamepita. Ndipo nikamwuliza kuhusu barua.

Aliokota kipande cha waya sakafuni, akakizungusha kidoleni. Kisha akasema, "Niliipokea, Mwalimu. Sikutaka kurudi, basi."

Sasa nakuambia kilichokuwamo, kwani huenda hakukuambia. Mkuu wa shule alikuwa ameruhusiwa kumpeleka mwanafunzi mmoja kwenye mtihani wa kuingia shule ya bweni ya sayansi. Nilimwombea dada yako nafasi hiyo. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikaa katika chumba cha mtihani, karatasi ikiwa mezani mbele ya kiti kitupu, mpaka saa sita mchana. Nilipoona hakuja nilijua amenidharau, na haki alikuwa nayo. Mwaka uliofuata nafasi ilipopatikana tena nikaliandika jina lako. Angalau wewe hukupotea.

Kwa hiyo nimepata jibu, hata kama chungu. Nakushukuru kwa kuifikisha barua ile. Wengine wangeitupa njiani.

Rula


8 Machi

Mdogo wangu,

Simu unayo na mimi ninayo, lakini kwa simu utaniambia uko kikaoni. Kwa hiyo naandika.

Mzee Rula alikuja karakana. Amekonda, miguu inamsumbua, ila suruali ina pasi ile ile ya kukata nyanya. Akaniomba radhi mbele ya vijana wangu, nikaona aibu mimi badala yake. Nikataka kumfanyia mzaha, nimwambie kwamba siku hizi mota ikizunguka kinyume siulizi ilizaliwa wapi, nabadilisha nafasi za nyaya mbili nawasha tena. Sikuwahi. Akaniuliza kuhusu barua aliyokupa wewe uniletee.

Nilimtazama usoni. Mtu akikuuliza hivyo hatungi. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nikafikiri, nikisema sikuipata, mzee huyu atatoka hapa anajua jambo moja kuhusu mdogo wangu anayesikika redioni. Nikamwambia niliipokea. Nilimdanganya mzee wa watu, na yeye akaitikia kwa kichwa kama aliyepigwa.

Sasa mimi na wewe. Barua gani?

Dada yako


21 Machi

Dada,

Nimeanza barua hii mara sita. Zote zilianza kwa kujitetea, nikazichana.

Barua hii hapa, ndani ya bahasha. Ni yako. Nimehama nayo nyumba tano, ndani ya jalada la daftari lile la bluu. Mume wangu hajui ni nini. Utaona gundi yake imefunguka. Niliifungua mimi, nimeketi kwenye ngazi za zahanati, siku hiyo hiyo niliyopewa.

Mwalimu aliponikabidhi nilidhani anakukaripia tena, na nilifungua ili nikukinge. Hilo nimejiambia kwa miaka mingi na lina ukweli kidogo. Kisha nikaisoma. Nikaona nafasi ni moja. Unakumbuka jinsi tulivyokuwa darasa moja kwa sababu wewe ulichelewa kuanza, ulipobaki nyumbani kunilea mama alipokuwa amelazwa? Kila muhula wewe wa kwanza, mimi wa tatu au wa nne. Nilijua ukiupata mtihani ule utapita, utaondoka, nami nitabaki pale kuwa mdogo wa yule aliyeondoka. Nikaitia kwenye daftari. Nikajiambia nitakupa kesho. Jumatano nikajiambia Alhamisi. Jumamosi asubuhi ulikuwa unafua, nikakaa mlangoni nikikutazama unavyokamua shuka, nikajua bado kuna saa mbili. Bado kuna saa moja. Kisha haikuwapo tena.

Jumapili ningeweza kusema, na Mwalimu angetafuta njia. Sikusema. Siku hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu woga ulikuwa umeisha na nilifikiri kwa utulivu.

Mwaka uliofuata, kwenye usaili wa shule ile, waliniuliza kwa nini napenda sayansi. Niliwaambia nilisoma kwamba kuna mwezi unaozunguka kinyume nikataka kujua ulitoka wapi. Waliandika kitu kwenye karatasi zao wakatabasamu. Hata swali nilikuchukulia. Kazi yangu yote, Dada, imejengwa juu ya swali lako. Kila ninapoandika kuhusu ule mwezi ulionaswa na mwenzake aliyetupwa nje, naona ni sisi wawili, sijui tu yupi ni yupi.

Sikuombi kitu. Nilitaka uisome ikiwa mkononi mwako.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliiacha kalamu nikarudi karakana. Nilisuka mota ya kinu nikakosea kuhesabu mizunguko ya waya, ikaungua tena siku ya pili. Haijawahi kunitokea tangu mjomba anifundishe kazi.

Kwanza, usinifananishe na mwezi wako. Mwezi haukufichiwa barua. Mwezi hauna mdogo wake. Hilo la kunaswa na kutupwa liache huko kwenye vitabu; hapa kuna mtu aliyefanya na mtu aliyefanyiwa.

Pili, kuna jambo hulijui. Sikuacha shule siku ile. Nilikaa nyumbani kungoja. Nilimwambia mama kwamba Mwalimu akituma neno moja tu, hata la matusi, nitarudi, ili mradi nijue kiti changu bado kipo. Kila ukitoka shule nilikuwa nakuuliza, "Kuna habari gani huko?" Nawe ulikuwa unasema, "Hakuna." Nilingoja wiki mbili. Ndipo mjomba akaja akasema anahitaji mtu wa kumshikia waya. Unakumbuka nilivyokuuliza? Mimi nakumbuka hadi ulivyokuwa unavua viatu.

Tatu, barua nimeisoma. Ni fupi. Mwisho ameandika: "Uliuliza vizuri. Rudi, nami nitakuomba radhi mbele ya darasa lile lile." Nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu. Ningeishi na sentensi hiyo hata kama mtihani ningeufeli.

Sina maisha mabaya. Usije ukalia kwa ajili yangu mbele ya watu. Karakana ni yangu, jina la mlangoni nililichagua mwenyewe, na wanaume wazima hunisubiri niwaambie mashine yao ina nini. Lakini haya ni maisha niliyoyapata. Yale mengine sikupewa hata nafasi ya kuyakataa.

Mzee Rula bado anaamini nilimdharau. Huo uongo ni wangu, niliusema kukuficha wewe. Nenda ukautoe.

Kinyume


27 Mei

Binti yangu,

Barua yako ya kukiri ilinikuta nimelazwa, miguu imevimba, si jambo la kutisha. Mwanangu alitaka kunisomea nikakataa.

Siku mbili za kwanza nilikukasirikia. Niliandika jibu kali sana. Siku ya tatu nililala nikitazama dari, nikaanza kuipima njia ya kutoka shuleni kwenda kwenu. Unapita zahanati, unapita mashine ya kusaga, unakata kushoto. Ni dakika kumi na moja kwa mguu. Nilikuwa na nguvu zangu, na baiskeli ninayo.

Sikwenda. Nilimtukana mtoto kwa mdomo wangu, kisha nikamwomba radhi kwa mkono wa mtoto mwingine wa miaka kumi na minne, kwa sababu nilimwogopa mama yenu na niliogopa kumtazama dada yako machoni. Aliponyamaza, sikwenda pia. Nilikaa na kiti kitupu nikajihurumia. Na tangu mwaka ule sikuuliza tena darasani, "Nani ana swali?" Wangapi walikaa na maswali yao kwa miaka kumi na mitano iliyobaki, sijui.

Siandiki haya kukupunguzia. Lako ni lako, na ni zito. Nasema tu kwamba mzigo nilioutua juu ya watoto wawili ulikuwa wangu kuubeba, tena kwa umbali mfupi.

Mwambie dada yako namwomba aje. Kwenda kwake mimi siwezi tena.

Rula


13 Julai

Mdogo wangu,

Nimetoka kwa Mwalimu. Anakaa chumba cha uani kwa mwanawe, vitabu hadi chini ya kitanda. Nilimwambia kweli yangu na yeye akaniambia yake. Alipomaliza alivua miwani, akaomba radhi tena, safari hii kwa jina langu la shule, lile ambalo halijaitwa na mtu tangu mama afariki. Nililia kidogo. Yeye zaidi.

Kisha akaniomba nifungue kabati, nitoe bahasha ya kaki. Ilikuwa karatasi ya mtihani wa Jumamosi ile. Ameitunza muda wote huo. Akaiweka mezani pamoja na penseli aliyokwisha kuichonga. Akasema hataki kunifedhehesha, ila anahisi kuna kazi hakuimaliza, na kama nitaona vyema, yeye atakaa pale pembeni asimamie.

Niliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Maswali ya umeme ningeyajibu nikiwa usingizini. Mengine sikuelewa hata yanachotaka. Nikaikunja nikamrudishia. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni ya msichana wa miaka kumi na sita. Sijui tena alipo."

Akaipokea. Hakunisihi. Tukanywa chai, nikamkanda miguu, nikamtengenezea feni yake iliyokuwa inalia. Nikaondoka jua likiwa bado juu.

Njiani nilikuwa nawaza kwamba sasa wote watatu tumeshasema, na hakuna kilichorudi. Nilidhani kusema kutarudisha kitu. Hasira bado ninayo. Asubuhi huwa sina, mchana inakuja, hasa nikisikia sauti yako redioni na wateja wakiniambia, "Huyo si mdogo wako?" Najibu ndiyo, ni mdogo wangu. Halafu naenda kunawa uso.

Agosti chuo chenu kinafunga. Njoo. Usije na zawadi wala hotuba. Siku nyingine tutaongea, siku nyingine nitakupita kama ukuta, nawe utavumilia. Unieleze mwenyewe, kwa mdomo, yale ya sayari kuhama. Mwalimu alijaribu akachanganya, nami nataka kuelewa.

Kukusamehe siahidi. Kitanda naahidi.

Dada yako